Tundu la Pini Tisa

Alhamisi tatu mfululizo seva ya ushirika ilikata roho usiku,
na kila alfajiri daftari lake lilikuwa safi:
Tangi la pili, nyuzi nne.
Tangi la pili, nyuzi nne.
Kisha: Nimewaka.
Kati ya mistari hiyo, saa tatu zisizo na mwenyewe,
na maziwa ya Pongwe na Mabokweni
yakimwagwa mtaroni hapa Chumbageni,
paka wakiitana.

Meneja akasema, Semhando alilala.
Semhando akasema, Kioo kilionyesha nyuzi nne.
Nilikikodolea macho hadi adhana,
ndipo nikaligusa tangi kwa kiganja.
Hayo hakuna aliyeyaandika.
Barua ya onyo iliandikwa.

Mimi ni fundi tu, naitwa yakiharibika.
Lakini hili nalijua: kiini cha mashine hakifi kimya.
Hupiga ukelele, humtaja aliyekichoma,
ila ukelele wenyewe umeshikwa na umeme,
na karani wa kuufikisha diskini
ndiye huyohuyo anayeanguka.
Mfu hajazi cheti chake.
Kioo nacho hubaki kimefumbua macho,
nyuzi nne, nyuzi nne,
na ukibonyeza kitufe cha kuwasha
umeshafuta ubao.

Nikapapasa nyuma ya seva,
kwenye vumbi na ganda la yai la mjusi,
nikalipata tundu la pini tisa
ambalo halijaguswa tangu lilipotoka kiwandani.
Nikapitisha waya dirishani hadi stoo ya ndoo,
kwenye kompyuta mpakato isiyo na kitufe cha M,
betri yake nimeifunga kwa mpira wa baiskeli.
Nikaiagiza: Usijibu.
Usingoje ukurasa ujae.
Herufi ikifika, iandike hapohapo, kabla ya dada yake.

Usiku wa kwanza vilikuja vigae.
Alama za ajabu, vipande, mabano yaliyopinduka.
Kumbe mmoja anasema mbio, mwenzake anasikia polepole.
Nikawalinganisha mwendo.

Alhamisi ya nne nililala juu ya makreti.
Semhando alikuja, ingawa zamu walishamnyang'anya,
na chupa ya chai ya tangawizi, na vikombe viwili.
Saa nane na dakika kumi na saba
kioo kikasema nyuzi nne.
Stoo ikaanza kunena.

Mistari ilishuka upesi kuliko macho:
anwani ndefu, tarakimu nyingi
kuliko barabara zote za Ngamiani,
nani alimwita nani, na nani alimwita huyo,
mpaka mlangoni kwa kadi ya mtandao,
ikashika mahali si pake,
na neno la mwisho likakatika katikati.
Semhando akaweka kidole pale lilipokatika.
Hakusema kitu. Chai ilipoa.

Kadi mpya tuliinunua Barabara ya Kumi na Mbili.
Zamu yake alirudishiwa.
Barua ya onyo ingali jaladani; niliuliza,
nikaambiwa ikishapigwa muhuri haitolewi.

Waya sijauchomoa.
Naye kila saa huinuka akaligusa tangi,
tangi la kwanza, la pili, hata lile tupu,
kisha hupitia stoo, huchungulia
kama kuna aliyesema neno.