Mizani ya Mwaloni

Mizani ya zahanati iligota mia na hamsini,
mshale ukatetemeka, ukagoma,
na muuguzi Nyamizi, niliyemfundisha ngeli kidato cha pili,
akaandika kwa mwandiko wake ule ule wa kulala:
*Imezidi.*
Hakunitazama usoni. Nami nikatazama bango la lishe,
mchicha wake umepauka kwa jua.

Basi nikaenda Kirumba, mwaloni,
kwa Lushinge, mpima magunia ya dagaa.
Akafuta magamba kwenye sahani ya chuma,
akaniwekea kreti nikanyagie, akageukia ziwani
kama anayempisha mtu aoge.
"Mwalimu, mia moja sabini na tatu."
Kisha, kwa mazoea ya kazi: "Nitoe uzito wa gunia?"
Nikacheka hadi sahani ikalia.
Gunia ndiyo mimi, Lushinge. Liache.

Miaka ishirini na sita nimehesabu mizani za wengine,
ukwapi nane, utao nane,
wino mwekundu kwa aliyezidisha.

Nyumba yangu iko juu, Mabatini, katikati ya mawe mawili,
bati la bluu, mkopo wa walimu, haujaisha.
Vidato mia mbili na kumi na vinne.
Mwaka wa nne huu nimepanga chumba huku chini, kando ya barabara,
naitazama nyumba yangu
kama mtu anayetazama picha ya ndoa.

Siku ya kwanza: vidato vinane. Nikakaa.
Muuza karanga akanipa maji, akakataa pesa.
Siku ya tisa: vinane, nikakaa, vinane.

*Nane napanda jiweni, nane ninapumzika,*
*jasho latoka shingoni, magoti yalalamika,*
*wananiona jirani, wanahesabu, wacheka:*
*kituo siyo mwishoni, ni mahali pa kushika.*

Haba na haba hujaza kibaba, najua,
ndivyo nilivyokijaza:
chapati ya mapumziko, soda ya kikao,
sukari vijiko vinne, na cha tano cha kulamba.
Sasa nakipunguza kwa kijiko kile kile.
Mwezi mmoja vitatu. Mwezi mwingine viwili, na hasira.
Sato nikamtoa kwenye mafuta nikamtia kwenye ndimu,
nsansa ikarudi mezani kwa heshima zake.
Ugali sikuacha. Nani huku aliacha ugali
akabaki na ndugu?
Niliupunguza tu, ukawa wa ngumi yangu,
kisha wa ngumi ya mwanangu Kwilasa.

Msiba wa Magu, siku tano, pilau.
Nikarudi na kilo nne ambazo hazikuwa za marehemu.
Lushinge hakusema neno,
akaandika kwa chaki juu ya ubao wake,
chini ya deni la mtu wa Ukerewe.

Na walioniambia "umenawiri" nilipokuwa nashindwa kufunga viatu
leo wananivuta pembeni, sauti chini:
"Mwalimu, unaumwa?"
Naumwa, ndiyo. Nyonga, visigino,
na njaa ya saa nne usiku inayobisha hodi kama mgeni wa mbali.
Naipa maji. Wakati mwingine naifungulia.

Mwaka na miezi saba. Juzi Nyamizi aliniita ndani.
Mshale ukapanda, ukasita,
ukasimama: mia na arobaini na sita.
Nikamwomba anisomee kwa sauti.
Akasoma. Nikamwomba tena.

Sijafika nyumbani. Nimefika kidato cha mia thelathini na mbili,
penye jiwe lililochorwa jina la timu,
pepo za ziwa zinanikauka mgongoni.
Vimebaki themanini na viwili:
nane mara kumi, na viwili vya kupwaya.
Ningemkata mwanafunzi alama.
Leo naviacha.