Mwenyeji

"Kwani wewe ni mwenyeji wa huku?"
Egesa aliniuliza, mkono umeshika pembe,
nami nimepiga magoti kando ya ndama wake,
kibanio mkononi, navua kupe.
Nikasema hapana, natoka Kisumu, maabara.
Akacheka. "Mbali hivyo, kwa ajili ya hawa?"

Shuleni tulifundishwa kupe ni mtu:
bwanyenye, mnyonyaji wa kwenye insha.
Kumbe kupe ni kupe. Ana miguu minane,
alfajiri anapanda jani la nyasi hapa Funyula,
ananyoosha miguu ya mbele
anangoja joto la yeyote lipite.

Nawavuta polepole, midomo isikatikie ndani.
Sikioni kumi na saba. Chini ya mkia sita,
mmoja amevimba kama mbegu ya mbono.
Naandika kwa kalamu ya risasi,
maana wino hulewa spiriti ukapotea:
Funyula. Machi. Chini ya mkia.
Mwenyeji: ng'ombe.

Taaka, bintiye, hana haja ya kibanio.
Huwang'oa kwa kucha, huwapasua kwa kucha,
tak,
damu kwenye kidole gumba, kidole kwenye sketi.
Kitabu chake cha zahanati nimekiona:
Malaria. Malaria. Malaria.
Mara ya tatu kipimo kilikataa,
na tabibu akaandika malaria
kwa mkono mzito zaidi.

Kisumu namsaga kupe juu ya barafu
mpaka hana mguu wala tumbo.
Ninachotafuta ni herufi chache katika uzi mrefu.
Mashine inazichemsha, inazipoza, inazichemsha,
mara thelathini na tano, kila moja ikizaa pacha,
kama umbea wa sokoni,
mpaka mnong'ono uwe kelele.
Stima ikipotea kwenye mzunguko wa thelathini
unaanza upya, unatukana kimoyomoyo.

Na kila safu ina mrija mmoja wa maji matupu.
Maji yanapaswa kunyamaza.
Februari maji yalisema.
Yaliwaka mstari kama kupe aliyeshiba,
maana yake uchafu ulikuwa wangu:
glavu yangu, pumzi yangu, haraka yangu.
Kazi ya siku tisa ikaenda kuchomwa.
Nililia chooni, nikarudi, nikasugua meza kwa jiki.

Leo maji yamenyamaza.
Kupe wa arobaini na moja, yule wa mbono,
amewaka. Mstari mmoja mwembamba,
kama mlango wa jikoni
uliosahauliwa wazi kidogo usiku.

Jina lake ni refu, la Kilatini, halina Kisamia.
Narudi Funyula kumwambia Egesa
nimekuta kijidudu cha homa.
Anatazama zizi. "Kwa hiyo ng'ombe wangu ana hatia?"
Hapana.
"Basi mtoto anacho?"
Sijui. Nimempima kupe, sijampima mtoto.
Mpeleke. Aseme anashika kupe kila siku,
alisema hilo kwanza,
kabla tabibu hajafungua kalamu.
Taaka yuko mlangoni, anatazama kucha zake.
Tunakaa nyasini, mimi na baba mtu,
tunakunywa chai isiyo na sukari,
hatuna la kuongeza.

Siku ya tatu, Kisumu, naoga kwa beseni.
Nyuma ya goti, pale jasho hujificha,
kidole kinagusa kitu
ambacho si mimi.
Sipigi kelele. Najifunga leso,
natafuta kibanio, kichupa, kalamu ya risasi.
Namvuta polepole, midomo isikatike.
Mia mbili na kumi na nne.
Funyula. Mei. Nyuma ya goti la kulia.
Mwenyeji:
ncha inavunjika. Naichonga.
Mimi.