Kiti Maalumu

Hapa Dodoma ukitamka neno kiti
watu husogea karibu, hushusha sauti:
cha jimbo gani? Umeshachukua fomu?
Changu, nawaambia, ni cha turubai,
kina mikanda minne na kulabu za shaba,
na jimbo lake ni bwawa la Hombolo.

Ubao wenyewe sikuununua.
Mpangaji wetu, mhesabu ndege, aliuacha
badala ya kodi ya miezi miwili,
umeviringishwa kama mkeka wa msibani.
"Ujaze upepo," alisema, "kisha usimame."
Kisha usimame!
Kana kwamba nusu ya goti langu
haikubaki kwenye ngazi za shule kule Ihumwa.

Nilisimama mara tatu.
Mara tatu maji yakanipokea na kilemba changu.
Mji wetu ulipewa jina kwa tembo aliyedidimia;
vijana wachunga ng'ombe pale ukingoni wakasema
leo wamemwona kwa macho yao.

Ndipo nikamwendea Mbeleje,
ashonaye matandiko ya punda.
Akauzunguka ubao, akaugonga kwa kidole,
akauliza swali moja tu: anapiga mateke?
Nikamjibu: upepo ukija.

Alikata turubai la lori kuukuu,
akashindilia sponji ya godoro pale pa kuegemea.
Ubao ulikuwa na pete mbili tu, za mbele;
za nyuma akazibandika kwa viraka vya tyubu ya trekta
na kuzilaza chini ya jiwe la kusagia hadi alfajiri.

Siku ya kwanza nilikirudisha kiti nyuma mno.
Pua ya ubao ikanyanyuka
mithili ya punda aliyekataa madumu,
nami napiga kafi, nazunguka palepale.
Siku ya pili nikasogea hadi kwenye kipini cha kubebea,
mikanda ya mbele nikaikaza, ya nyuma nikailegeza,
na tako likapata makazi.

Kafi la bapa moja humfaa aliyesimama.
Aliyekaa hudai mawili, kulia, kushoto.
La pili nikalichonga kwa mninga.
Kila pigo likanimwagia kikombe mapajani
mpaka nilipovisha mpini vipete vya mpira:
sasa maji hufika hapo, husita, hudondoka nje.

Sidanganyi, kipo nilichopoteza.
Aliyesimama humwona perege chini akigeuka.
Mimi namwona mwari, tumelingana kimo;
ananitazama kama mtu
aliyekuta mgeni kwenye benchi lake.
Lakini upepo wa Julai, ule wa vumbi jekundu,
ulionifanya tanga nilipokuwa wima,
siku hizi hunipita juu ya utosi
ukimtafuta mwingine.

Miaka ishirini na saba nilisimama mbele ya ubao.
Acheni nikae juu yake.

Kuna mahali, usawa wa mwamba uliopakwa chokaa na ndege,
huwa naacha kupiga kafi.
Chini yangu lipo shamba la uwele la bibi yangu.
Nateremsha kamba yenye jiwe: mafundo tisa.
Msimu wa kwanza wa kiti, mwezi kama huu,
yalikuwa kumi na moja.
Tope linapanda, wanasema wataalamu, bwawa linajaa.
Huenda.
Mimi nimekaa, nakunja kamba mapajani,
na bibi ananikaribia
fundo kwa fundo.

Jua likishuka najivuta ukingoni, nafungua kulabu,
nakibeba kiti begani, kinachuruza mgongoni.
Nyumbani nakiweka uani, nachambulia karanga.

Jana alipita Mbeleje.
Akakaa. Akainuka. Akakaa tena,
akanyoosha miguu yake mirefu kama aliye majini.
Akauliza uchaguzi mwingine ni lini.
Nikamwambia: viraka vikibanduka.