Nusu Mzunguko

Fiati ya Bi Zuena ilifika Maweni ikivutwa kwa kamba.
Ilikuwa mshahara wa miezi kumi na mmoja:
tajiri wake, siku ya kuondoka Malindi,
alimwambia, "Chukua gari,"
gari ambalo chumvi ilishaila injini yake.

Tukaitafutia injini ya Datsun
iliyochoka kubeba maziwa kutoka Marafa.
Fundi Chengo akachomelea vikalio vipya,
akaishusha kwa mnyororo, taratibu,
kama anayelaza mtoto wa mwenziwe.
Ikatoshea.
Kutoshea si kuwaka.

"Mbeyu, ng'oa plagi namba moja, ziba tundu kwa kidole gumba.
Mimi nazungusha krenki. Upepo ukikusukuma, sema."

Jua la utosi. Njaa.
Kidole kilikuwa kinateleza kwa oili.
Pistoni ikapanda, nikasema, "Umenisukuma."
Haukunisukuma.

Akatia distributa, akapanga waya
akiguguna hesabu yake: moja, tatu, nne, mbili.
Mtoto wa jirani, daftari lake juu ya tairi,
akainua uso: "Fundi, wewe hujui kuhesabu."
"Hii ndiyo hesabu ya kwenda Mambrui."

Tukapiga stata.
Kabureta ikatema moto,
si moshi, moto, ulimi mfupi mwekundu,
na nyusi ya kushoto ya Fundi Chengo ikaenda nao.

Akakaa juu ya ndoo. Akajipapasa.
Ukutani saa tuliyoiokota hotelini ilipofungwa
imesimamisha mikono yote miwili juu.
"Mbeyu, saa ngapi?"
"Saa sita."
"Na yenyewe yasemaje?"
"Kumi na mbili."
Akacheka mpaka akakohoa.
"Basi injini hii tumeitegea saa ya mgeni.
Cheche inafika kamili, haikosei hata nukta,
ila inafika usiku kwa shughuli ya mchana:
mlango u wazi, petroli ndiyo kwanza inaingia."

Hakuuliza ni nani aliyeziba tundu.
Alinishika mkono, akakipangusa kidole kwa shati lake,
akakirudisha pale pale.
Akazungusha. Hakuna kitu.
Akazungusha. Kisha,
kama mtu wa ndani anayesukuma mlango kwa bega,
upepo ukanibandua kidole, fyu!
"Sasa," nikasema, kwa sauti ndogo.
"Najua," akasema.

Ikawaka, lakini ikisinzia.
Akalegeza boliti, akaishika distributa shingoni,
akaipeleka mbele unywele, akairudisha nusu unywele.
Cheche ikitangulia mno, injini hugonga
kama kokoto ndani ya debe;
ikichelewa, huchemka, na kilima kidogo cha daraja huishinda.
Bisibisi ndefu ameiuma kwa meno, ncha iko kwenye chuma:
masikio yake yalibaki Gongoni, kwenye mashine za chumvi.
Siku hizi anasikia kwa taya.

Kabureta aliniachia mimi.
Skrubu ibane polepole mpaka injini itake kufa,
kisha ifungue, mzunguko mmoja, na robo,
mpaka uisikie imeshiba.
Nikafungua mno: plagi zikatoka nyeusi
kama chungu cha kuni.
Nikabana mno: zikatoka nyeupe, kavu, tumbawe tupu.
Mara ya tatu, hudhurungi,
rangi ya korosho iliyokaangwa na asiye na haraka.
Fundi aliigeuzageuza ile plagi juani,
akaitia mfukoni, akanipa nyingine mpya.

Bi Zuena akaja alasiri na mkoba wa ukili.
Aliisikiliza ikitulia. Hakusema ahsante.
Aliuliza tu kama inaweza kurudi nyuma,
maana miaka yote aliyokuwa akifungua geti
aliiona ikienda mbele,
imembeba mtu mwingine.