Vipimo kwa Fundi Malogo

Inchi ishirini yangu, Mbijima. Yako kumi na sita.
Futi ndiyo imesema, si mimi.
Fundi Malogo aliacha gauni la mtu chini ya sindano,
akatoka na futi shingoni,
akaivuta toka kwenye ekseli ya pedeli hadi chini ya siti
kama anayepima sketi ya sare,
akaandika kwenye daftari la wateja.

Tukaanza na usukani.
Wako umepinda kulia. Ulisema ni upepo.
Upepo wa Hombolo naujua, mwezi wa saba unapora watu kofia,
lakini chuma haujawahi kukunja.
Ukacheka. Mimi sinunui mbuzi aliye kwenye gunia.

Gia zako tatu mbele, nane nyuma, zinaingia kimya.
Zangu tatu kwa saba,
na ya sita haiingii mpaka uitukane.
Breki zako za diski. Zangu za raba,
zinalia mpaka mbwa wa Ihumwa wanajibu.
Shokapu yako ya kushoto inavuja. Nilipitisha kidole,
nikakuonyesha kidole.
Spoku zangu hesabu mwenyewe, thelathini na sita.
Tyubu ya nyuma ina viraka kumi na moja, sikufichi,
miiba ya migunga na mbigili,
kila kiraka na shamba lake la zabibu.

"Ongeza elfu arobaini."
"Ya nini?"
"Diski."
"Na usukani je?"
Ukatazama barabara. "Basi ishirini."

Fundi akasema, uzi mdomoni:
mmepima vyuma, watu bado.

Ukasimama ukutani kama mtoto wa kliniki.
Mguu wa ndani, themanini na tisa.
Kumbe mwaka mzima magoti yako yanagonga usukani
na hukumwambia mtu.
Kisha mimi. Nikakaza kanga.

Sabini na mbili.

Miaka minne napandia kwenye kisiki cha mpapai,
nashukia kwenye jiwe la dukani kwa Mama Nyemo,
na pasipo kisiki wala jiwe naanguka kwa adabu,
nikisema baiskeli ni ya kaka,
nikisema Chidumizi akirudi kutoka machimboni ataikuta.
Simu yake haiiti tangu mavuno ya juzi kule.
Fremu ilikuwa saizi yake. Mimi nilikuwa naivaa tu.

Ulipoipanda hukunyoosha vidole. Ulikaa.
Nilikuwa na neno, likageuka njiani:
"Ya sita, usisahau kuitukana."

Noti mbili zikatoka kibindoni.
Nikakaa kwenye yako, yaani yangu,
nyayo zote mbili zikagusa mchanga wa moto
na sikujua nifanye nini na miguu.

Cherehani ilikuwa imeshaanza tena.
Kwenye daftari nipo hadi leo,
kati ya gauni la kipaimara na suruali ya mgambo:
Sechelela, 72, bila lesi.