Matairi ya Theluji

Premio tumeiuza Kabale kwa uzito wa chuma,
bila magurudumu.
Yote manne niliyazuia. Mnunuzi akanuna,
akakata laki mbili. Nikasema sawa.

Tindyebwa ameyaegemeza ukutani
kama wageni wasiopewa kiti.
Anapangusa tope la Muko kwa kitambaa
hadi alama inatokea ubavuni:
mlima, na ndani yake chembe ya theluji,
na maandishi ya Kijapani tusiyoyasoma.
"Mama, mipira hii ilizaliwa kwa ajili ya barafu.
Ukiishusha Kampala, lami itailamba ndani ya mwezi."

Siendi Kampala.
Naenda Rubanda, Machi, usiku,
udongo ukiporomoka pamoja na gari,
mwanamke kiti cha nyuma akihesabu uchungu kwa Rukiga.
Mara tatu kona ya Hamurwa ilitutaka.
Mara tatu meno haya yaliuma ardhi.

Allion mpya (mpya kwetu,
huko ilikotoka imeshazeeka)
inasubiri juu ya jeki.
Tundu tano. Nati tano.
Gurudumu linakaa kwenye kitovu
bila hata nyundo.

Kisha anatumbukiza shilingi mia kwenye mfereji wa tairi,
anaichomoa, ananitazama.
"Msimu huu tu, Mama Kyarisiima.
Mvua ya pili usije kunililia."

Nalipa. Matairi yaliyokuja na Allion nayafunika gunia.
Napanda mlima polepole, redio nimeizima,
nasikiliza kama hili gari geni
linaijua njia.