Nipo Njiani

Ghorofa ya pili, Mtaa wa Rindi, saa nne usiku.
Duka la pembejeo hapo chini limefungwa,
harufu ya dawa ya mahindi inapanda ngazi bila hodi.
Mbele yangu mawakala wawili, wasio na mdomo wala mate,
wanauziana kahawa.

Mmoja ni wa chama chetu cha msingi, Kibosho.
Wa pili ni wa mnunuzi, sijui yuko nchi gani.
Wa kwanza: ARIFU. Magunia arobaini yapo ghalani.
Wa pili: OMBA. Niwekee hadi Ijumaa.
Wa kwanza: KUBALI.
Kisha kimya. Taa ya kijani inapepesa
kama mtu aliyesema jambo akatazama pembeni.

Kazi yangu ni kuthibitisha.
Kanuni ya kwanza niliyokabidhiwa inasema:
wakala asiarifu ila lile analoliamini.
Nimeisoma mara tatu. Ya tatu nikacheka peke yangu.
Analiamini wapi?
Nimempasua wakala wetu tumbo, mstari kwa mstari:
nimekuta hesabu, nimekuta majedwali,
nimekuta alipoandika Ndelilio, "hapa nitarekebisha kesho,"
kesho ya mwaka juzi.
Imani sikuiona.
Na yule wa mnunuzi hapasuliwi, ni kasha na kufuli lake;
najua tu kinachotokea mlangoni.

Asubuhi nilimpigia fundi wa bomba.
"Nipo njiani, dada, nimeshavuka Karanga."
Nyuma yake jogoo akawika,
maji yakamiminwa kwenye beseni.
Sasa hilo "njiani" nilipime kwa nini?
Kwa moyo wake, ni uongo mtupu.
Kwa desturi yetu, ni kamba: amejifunga, nivute.
Sisi ndio tusemao "nakuja" huku tunatoka,
na hajapotea mtu kwa neno hilo.

Nikamkumbuka baba mdogo Anaeli,
mwaka aliohamisha mpaka wa kihamba usiku
akamtusi bibi Aikaruwa mbele ya wajukuu.
Alituma jani la isale, limefungwa fundo.
Bibi hakuuliza kama moyo umetakata.
Alilipokea, akalichomeka juu ya mlango,
akarudi kumenya ndizi zake.
Mvua za vuli baba mdogo akalianzisha tena.
Hakuna aliyemwambia, "siku ile ulidanganya."
Walimwambia, "Ulitoa isale."
Akanyamaza. Nilikuwepo. Alinyamaza
mpaka mbege ikaisha kibuyuni.

Basi nimefuta kanuni ya kwanza.
Nimeandika:
akisema KUBALI, anadaiwa, tangu sekunde hiyo,
mpaka Ijumaa jua lizame;
na deni liandikwe pale ambapo hata wa tatu atalisoma.
Nikamtengeneza wakala mwongo kwa mikono yangu,
akubali kila kitu, asitimize kimoja.
Nikasogeza saa ya mtambo hadi Ijumaa.
Jua la mtambo likazama.
Jina lake likatokea kwa rangi nyekundu, magunia arobaini, hayajatoka.
Nilipiga meza; kikombe kikaruka.

Lakini.
ARIFU bado inanikera.
Kama ghalani kuna thelathini na nane,
na shangazi Ndeanansia peke yake
ndiye aliyeyahesabu kwa kugusa mishono,
kanuni yangu itamjua mdaiwa, haitamjua mwongo,
wala haitajua kama ni panya.
Hapo nimeweka alama ya kuuliza, nimeiacha.

Fundi alifika saa nane mchana, ananukia sabuni.
"Si nilikwambia nipo njiani?"
Nikamlipa.

Simu inatetemeka. Ni Manka, kule Njoro,
ameshika ufunguo wa geti: *Uko wapi?*
Sijavaa hata viatu. Mashine bado inaunguruma.
Nimeandika: *Nipo njiani.*
Kisha nikakaa, vidole juu ya kioo,
nikalisikia neno limeshaanza kunidai.